TANESCO, jenereta, inveta au sola: biashara yako ya Mwanza ishike kipi?

Umeme ukikatika saa kumi jioni pale Mabatini, kinyozi na mwenye saluni ya kike waliopanga fremu mbili zilizopakana hawapati hasara moja. Kinyozi ana mashine tatu za kunyolea, taa za LED, feni na televisheni, na vyote kwa pamoja havizidi wati 200. Jirani yake ana draya la kichwa la wati 1,000 na ushee, draya la mkono, pasi ya nywele na birika la maji ya moto. Wape wote wawili betri moja ya asidi ya volti 12 na ampea 200. Kinyozi ataendelea kunyoa mpaka usiku. Jirani atamkausha mteja mmoja, na wa pili ataondoka na kilemba juu ya nywele mbichi.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya wenye fremu, gesti, karakana, friza za samaki na mashine za kusaga, kuanzia Buhongwa hadi Igoma na ng'ambo ya maji huko Sengerema na Ukerewe, ambao wamekwama kati ya njia nne: kubaki na TANESCO na kubana matumizi, kununua jenereta, kufunga inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO) yenye betri zinazochajiwa na TANESCO, au kufunga sola.

Pima mzigo kabla ya kuuliza bei

Fundi akikutajia bei ya sola kabla hajauliza unawasha nini na kwa saa ngapi, usimlipe. Hiyo hesabu unaweza kuianza mwenyewe. Geuza kila kifaa, soma wati zilizoandikwa nyuma, zidisha kwa saa unazokitumia kwa siku, kisha gawa kwa 1,000. Unachopata ni uniti, zilezile unazonunua kwenye LUKU. Friji na friza ndizo zinazodanganya, kwa sababu kompresa huwaka na kuzima yenyewe. Kwa hizo, soma mita usiku unapofunga, acha friza peke yake, soma tena asubuhi, na urudie kwa wiki nzima. Kama LUKU moja inahudumia fremu tano, jambo la kawaida hapa mjini, tafuta mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi. Itakupa namba yako, na itakusaidia pia siku ya kugawana bili.

Ukishapata namba, zigawe mafungu matatu. Kuna vitu visivyotakiwa kuzima: taa, mashine ya EFD, simu ya uwakala, kompyuta, rauta. Kuna vinavyoweza kusubiri saa mbili tatu, mfano friza iliyojaa. Na kuna vizito: mota kubwa, na kila kinachotoa joto. Pasi, hita, draya na jiko la umeme ni adui wa betri, na biashara inayotegemea joto hupiga hesabu tofauti kabisa na ya kinyozi wetu.

Nimezipima njia zote nne kwa mambo yaleyale: pesa ya kuanzia, gharama ya uniti moja, uwezo wa kuamsha mota (mota ikiwaka huvuta mara tano hadi saba ya umeme wake wa kawaida kwa muda mfupi), muda wa kustahimili umeme ukikatika, matunzo, na suala la fremu ni ya nani. Hilo la mwisho watu hulisahau, halafu linawaumiza siku mwenye nyumba anapotaka chumba chake.

1. Kubaki na TANESCO, ukabana matumizi

*Pesa ya kuanzia.* Ndogo kuliko zote. Unabadilisha taa, mipira ya milango ya friza, pengine na friji moja iliyozeeka.

*Gharama ya uniti.* Biashara nyingi ndogo ziko kundi la bei la T1: shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, na ukijumlisha VAT ya asilimia 18 pamoja na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) unafika kama shilingi 356. Faida ya kubana inaonekana haraka. Gesti yenye balbu kumi za zamani za wati 60 zinazowaka saa kumi inakula uniti 6 kwa siku. Weka LED za wati 9, inakula uniti 0.9. Tofauti ni zaidi ya shilingi 1,800 kila siku, karibu shilingi 54,000 kwa mwezi, kwa taa tu. Kwenye friza, chukua noti, ibane kwenye mlango, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka na baridi unayolipia inatokea hapo. Isogeze friza mbali na ukuta kidogo ipumue, na isikae upande unaopigwa na jua la alasiri chini ya bati.

*Mota.* Hakuna inayoishinda. Mashine ya kusaga ya njia tatu na mashine za kuchomelea vyuma zinataka umeme wa aina hii.

*Muda wa kustahimili.* Sifuri. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, mradi wa megawati 2,115 kule Rufiji, ulianza kuzalisha mwanzoni mwa 2024, na tangu hapo mgao uliotokana na uhaba wa uzalishaji umepungua. Lakini umeme huo unasafiri mbali, kupitia Singida na Shinyanga, kabla ya kutufikia, na transfoma ya mtaani ikiungua, wingi wa megawati kule Rufiji haukusaidii. Kuna pia umeme mdogo wa jioni, ule unaofanya friza ikorome bila kuganda. Huo unaua kompresa polepole.

*Matunzo.* Weka stebilaiza (kifaa cha kusawazisha umeme) kwenye friza na kifaa kinachochelewesha umeme dakika chache baada ya kurudi. La muhimu zaidi ni waya wa ardhini. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi nyingi zaidi duniani, na sisi tumejenga juu ya mawe. Fimbo ya ethi iliyogonga jiwe futi mbili chini haikukingi na kitu. Fundi makini hutafuta mahali penye udongo hata kama ni mbali, hupigilia fimbo zaidi ya moja na kuziunganisha, kisha hupima. Hili linahusu njia zote nne, na ndilo ninalowasihi wenye majengo ya Isamilo, Igogo na Mabatini walitazame kabla ya kingine chochote.

*Fremu.* Vifaa ni vyako, unahama navyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye kazi inayoweza kusimama saa mbili bila kuharibika: cherehani, duka la nguo, duka la vifaa vya ujenzi. Inamfaa pia yeyote anayetaka kununua chochote kati ya vitatu vinavyofuata, kwa sababu kila uniti unayoipunguza leo inapunguza ukubwa wa betri utakayoinunua kesho.

2. Jenereta

*Pesa ya kuanzia.* Nafuu kwa nguvu unayopata. Ndogo ya petroli inapatikana kwa laki kadhaa.

*Gharama ya uniti.* Hapa ndipo inapokula. Jenereta ndogo ya petroli, ikiwa imebeba mzigo wa kutosha, hutoa uniti moja na nusu hadi mbili kwa lita. Piga lita kwa shilingi 3,000 (bei kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi, nawe tumia ya mwezi wako), uniti inakuwa kati ya shilingi 1,500 na 2,000. Ukiiwasha kwa ajili ya taa tatu na kuchaji simu, mafuta hayapungui kwa kiasi kilekile mzigo ulivyopungua, hivyo kila lita inakupa uniti chache zaidi. Ya dizeli hutoa takriban uniti tatu kwa lita, ila ni ghali kununua na inalipa tu kwenye mzigo mkubwa.

*Mota.* Nzuri, mradi uinunue kubwa kuliko mzigo. Friza ya wati 200 inaweza kuzidi jenereta ya wati 800 pale inapowaka.

*Muda wa kustahimili.* Mpaka mafuta yaishe. Umeme ukikatika siku mbili mfululizo, jenereta ndiyo inayobaki ikifanya kazi.

*Matunzo.* Oili, plagi, kichujio, na kuiwasha mara kwa mara hata umeme ukiwepo. Mafundi wake wapo kila kona. Hatari ziko mbili na zote zinaua. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, hivyo jenereta haikai ndani ya fremu wala koridoni, hata mlango ukiwa wazi. Na usiiunganishe kwenye nyaya za jengo bila chenjiova (swichi ya kuchagua TANESCO au jenereta), kwa sababu umeme wako utarudi kwenye nguzo na kumkuta fundi wa TANESCO aliye juu akijua laini imekufa.

*Fremu.* Unahama nayo. Ila majirani, hasa kwenye majengo yaliyobanana kama Makoroboi, wana haki ya kulalamika kuhusu kelele.

*Inamfaa nani.* Karakana ya kuchomelea, ukumbi wa sherehe, yeyote mwenye mzigo mzito unaohitajika mara chache. Haimfai anayekatikiwa kila siku kwa saa mbili.

3. Inveta na betri zinazochajiwa na TANESCO

*Pesa ya kuanzia.* Ya kati. Inatawaliwa na betri. Za asidi au jeli ni nafuu dukani, lakini usizitumie zaidi ya nusu ukitaka zidumu; ile ya ampea 200 niliyoitaja juu ina uniti 2.4 kwenye karatasi, na unazoweza kutumia kwa usalama ni 1.2. Za lithiamu (tafuta zilizoandikwa LiFePO4) zinagharimu zaidi sana, ila unatumia asilimia 80 hadi 90 ya kilichomo na zinahimili kuchajiwa na kutumika maelfu ya mara, wakati za asidi katika kazi ya kila siku huchoka ndani ya miaka michache. Hesabu bei kwa uniti utakazotumia maisha yake yote. Bei ya boksi peke yake inapotosha.

*Gharama ya uniti.* Ni ya TANESCO pamoja na kinachopotea njiani. Sehemu ya tano hivi inaweza kupotea kwenye kuchaji na kugeuza, kwa hiyo shilingi 356 inakaribia 445, kabla ya kuhesabu uchakavu wa betri.

*Mota.* Angalia aina ya inveta. Za bei rahisi hutoa umeme wa ngazi ngazi, unaochemsha mota na kufanya feni ilie. Tafuta inayotoa wimbi laini kama la TANESCO, na uulize inabeba wati ngapi kwa sekunde chache za kuwasha, mbali na zile za kawaida.

*Muda wa kustahimili.* Saa mbili hadi nane kwa mzigo mwepesi. Umeme usiporudi, huna pa kuchajia.

*Matunzo.* Kimya, hakuna moshi, inajibadilisha yenyewe mteja asijue. Betri za asidi zenye vifuniko zinahitaji maji yaliyosafishwa na chumba chenye hewa.

*Fremu.* Hii ndiyo rafiki wa mpangaji. Haitoboi paa la mtu.

*Inamfaa nani.* Kinyozi, wakala wa pesa, famasi, ofisi ya kompyuta, maabara ndogo. Stationari iangalie fotokopi yake, maana mashine za leza huvuta zaidi ya wati 1,000 zinapopasha joto; mara nyingi ni busara kompyuta na printa ya wino zibaki kwenye inveta, fotokopi isubiri.

4. Sola

*Pesa ya kuanzia.* Kubwa kuliko zote ukiweka na betri. Kwa mzigo wa gesti au duka la friza kadhaa ni mamilioni.

*Gharama ya uniti.* Ukishalipa, jua halina bili. Kwa hapa kwetu kilowati moja ya paneli, ukitoa kinachopotea kwa joto, vumbi na nyaya, hutoa uniti 4 hivi kwa siku, ingawa siku za mawingu ya masika zitakuwa pungufu. Hizo ni uniti 1,460 kwa mwaka, na kwa shilingi 356 ni kama 520,000. Shika namba hiyo. Kilowati moja ya paneli haiwezi kukuokolea zaidi ya hapo kwenye LUKU, na itakuokolea hivyo ikiwa tu unatumia kila uniti inayotoka. Fundi akisema itajilipa ndani ya mwaka mmoja, mwombe apige hesabu mbele yako. Ila ukiwa unaibadilisha na jenereta, uniti zilezile zilikuwa zinakugharimu zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, na hapo sola inajilipa mapema sana.

*Mota.* Sawa na inveta iliyofungwa nayo. Friza na pampu za maji zinaendeshwa vizuri. Mashine ya kusaga ya kilowati 11 hadi 15 inawezekana mchana, kwa paneli nyingi na kifaa cha kuanzisha mota taratibu, lakini huo ni mradi wa mtaji mwingine.

*Muda wa kustahimili.* Inategemea betri. Wengi hawaambiwi hili: sola iliyounganishwa na TANESCO bila betri huzima pale umeme unapokatika, hata jua likiwa utosini. Imeundwa hivyo ili isipeleke umeme kwenye laini inayotengenezwa. Kama shida yako ni kukatikiwa, paneli peke yake hazikutibu.

*Matunzo.* Tuko takriban nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, jua linapita karibu juu ya vichwa vyetu, hivyo mwelekeo si tatizo kubwa kama kivuli. Jiwe, mwembe au ghorofa ya jirani ikifunika kona ya paneli moja, inaweza kuzivuta chini zilizounganishwa nayo. Zilaze kwa mteremko wa nyuzi kama kumi mvua iweze kuziosha, na kiangazi zioshe kwa maji na kitambaa asubuhi, kabla hazijapata moto. Korongo wanaotua kwenye mapaa ya mji huu hawachagui pa kuacha kinyesi. Upepo wa ziwa una nguvu: fremu za paneli zishikwe kwenye mbao za kenchi, siyo kwenye bati. Paneli nzuri hufikisha miaka 25. Inveta na betri utazibadilisha kabla ya hapo.

*Fremu.* Usifunge kwenye paa la kupanga bila maandishi yanayosema mali ni yako na utaondoka nayo. Wizi nao upo, kwa hiyo chagua nati zisizofunguka kwa spana ya kawaida.

*Inamfaa nani.* Mwenye jengo lake na matumizi ya mchana: kliniki, shule, hoteli, shamba la kuku, umwagiliaji kandokando ya ziwa. Na visiwani hali ni tofauti kabisa, kwa sababu kinacholinganishwa na sola ni petroli iliyovushwa kwa boti. Bwisya, kisiwani Ukara, iliwashiwa gridi ndogo ya sola mwaka 2016, na wavuvi wa dagaa wameshaacha karabai nyingi za mafuta ya taa na kushika taa za LED zenye betri zinazochajiwa mchana kusubiri giza.

Neno kwa wenye samaki

Mama mmoja wa Mwaloni Kirumba ana friza mbili za sato na sangara. Aliposhauriwa anunue betri kubwa, aliuliza: kwa nini nihifadhi umeme wakati ninachouza ni ubaridi? Yuko sahihi. Kilo 50 za barafu zikiyeyuka hufyonza joto la karibu uniti 4 na nusu. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika ubaridi hadi saa 48, ya nusu kama saa 24. Yeye hujaza nafasi tupu kwa chupa za maji yaliyoganda, huuza kutoka friza moja huku nyingine ikiwa imefungwa, na umeme ukikatika samaki wabichi huingia kwenye barafu. Kwa biashara yake, mlango unaobana na barafu ya akiba vinatangulia, kisha stebilaiza. Jenereta ndogo ya kuzigandisha friza saa mbili kwa siku inafuata, kama katizo litapita siku moja. Betri kwake ni ya taa na mizani tu.

Kwa hali yako

Umepanga fremu, mzigo uko chini ya wati 300, umeme unakatika mara kwa mara kwa saa chache: badilisha taa, kisha inveta na betri ya lithiamu hata kama ni ndogo. Chagua inveta yenye mdomo wa kupokea paneli, ili ukijenga kwako usiitupe.

Saluni ya kike, mpishi, dobi: tenga kazi za joto na vifaa vyepesi. Inveta ishike taa, mashine na muziki. Kazi za joto zisubiri, au jenereta iwashwe pale tu wateja wanapokuwa wamejaa. Birika la maji linaweza kuhamia kwenye gesi kesho asubuhi.

Karakana na mashine ya kusaga: TANESCO ya njia tatu. Unapokatikiwa mara chache, panga oda kufuata umeme. Unapokatikiwa sana na una wateja wa lazima, jenereta ya dizeli yenye ukubwa unaotosha mota.

Gesti au hoteli yenye jengo lake: anza na LED na friji zinazokula kidogo, pima tena baada ya mwezi mmoja, kisha sola ya ukubwa wa matumizi yako ya mchana na betri za kubeba taa, pampu na intaneti usiku. Maji ya kuoga yapashwe na tangi la jua la paani. Kuyachemsha kwa betri ni hasara.

Kisiwani au kijijini ambako nguzo hazijafika: sola na betri kwa kila siku, na jenereta ndogo ya akiba kwa wiki za mawingu. Mnunue kwa pamoja watatu au wanne mnaopakana, kwa maandishi.

Na kwa njia yoyote utakayoshika, kabla ya kutoa malipo ya mwanzo dai karatasi yenye mambo manne: orodha ya vifaa vyako na wati zake, uniti utakazopata kwa siku mwezi wa mvua, unene wa nyaya pamoja na kipimo cha ethi, na waranti ya kila kifaa ikionyesha ni nani hapa Mwanza atakayeipokea kikiharibika.